Saa Kumi ya Nani?

Nilimwambia dereva, "Wamalawi wanatusubiri njia panda saa kumi, usichelewe," kisha nikarudi kwenye redio zangu. Ilikuwa asubuhi, Goma, mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa 2014, tukiwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Wamalawi hao, na nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito kama nimepakwa gundi. Dereva wangu, mtu wa Singida asiyependa maswali, akaitika "Ndiyo afande." Akaenda kunywa chai. Akala mchana. Akajinyoosha kivulini chini ya lori, na saa tisa na nusu alasiri akawasha gari.

Kumi ile ilikuwa ya Kizungu. Yaani saa nne asubuhi.

Wamalawi walikaa njia panda saa sita nzima. Walikuja kupokea betri za redio kwa sababu zao zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo hata kutuita redioni kuuliza kulikoni hawakuweza. Simu ya sajenti wao haikuwa na salio. Dereva aliwakuta wameketi juu ya mawe meusi ya volkano, watoto wamewazunguka, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinapita zimebeba magunia ya makaa, na mvua ilikuwa imeshawanyeshea mara mbili ikawakaukia. Jioni yule sajenti akaja mwenyewe mpaka kwenye hema letu la mawasiliano. Nilisimama nikijiandaa kwa maneno makali, kwa sababu mimi ndiye niliyeupokea ujumbe na mimi ndiye niliyeutafsiri vibaya. Hakufoka. Alikunja mkono wa shati, akanionyesha saa yake, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Achimwene, hii kumi ni ya nani?"

Achimwene kwao ni kaka. Tangu siku hiyo tukawa hivyo, na tangu siku hiyo nikaanza daftari.

Nimestaafu sasa, naishi Morogoro, nafuga kuku na kulima mpunga kidogo. Vijana wa mtaani wakisikia nilikuwa Kongo huuliza habari za risasi. Risasi nazikumbuka, lakini si hizo zilizonifundisha. Karibu utumishi wangu wote nilikuwa mtu wa mawasiliano, na mtu wa mawasiliano huwaona washirika wa kijeshi kwa upande ambao hauonyeshwi kwenye gwaride. Yeye ndiye anayejua nani hakumwelewa nani.

Brigedi yetu, kwa wasioikumbuka, iliundwa kwa Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Machi 28, 2013. Kundi la waasi la M23 lilikuwa limeiteka Goma Novemba 2012, likaondoka baada ya siku kumi na moja hivi, lakini halikwenda mbali. Basi azimio likatoa ruhusa ya brigedi ya kushambulia, jambo ambalo walinzi wa amani hawakuwa wamezoea kupewa: askari 3,069, batalioni tatu za miguu, kikosi kimoja cha mizinga, na kombania ya makomandoo na upelelezi. Nchi tatu zilitoa askari: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kwenye karatasi tulikuwa brigedi moja. Ukweli ni kwamba sisi tuliandaliwa kwetu, wao wakaandaliwa kwao, na mafunzo ya pamoja tuliyamalizia pale pale, milima ya watu wengine ikitutazama.

Mimi nilikwenda na kiburi kidogo. Nilijiona mzoefu, kwa sababu Septemba 2009 nilishiriki zoezi la Mlima Kilimanjaro, lile la majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki lililofanyika kaskazini mwa nchi yetu. Tulikuwa nchi tano: sisi, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Wiki ya kwanza tulijidanganya kwamba lugha si tatizo. Kiswahili si kipo? Mganda amekulia nacho jeshini, Mkenya anacho, Mnyarwanda aliyepita Uganda anacho, Mrundi wa Bujumbura anacho. Tukawa tunaitikiana vichwa kama vinyonga. Maofisa waliandika amri kwa Kiingereza, Warundi wakazifikiria kwa Kifaransa, na askari wadogo wakazitekeleza kwa Kiswahili, kila mmoja cha kwao. Mkenya akikwambia "kuja hapa" anakuamuru; wewe Mtanzania unabaki unasubiri sentensi iishe. Nasi tukisema "sasa hivi," wenzetu walivaa kofia na kusimama tayari. Maskini. Sasa hivi ya Mtanzania inaweza kumkuta mtu ameshaswali adhuhuri.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Lililokuwa zito ni redio. Watu wengi hudhani jeshi na jeshi wakitaka kuongea wanaongea tu, kama simu. Redio za kisasa za masafa mafupi hurukaruka masafa na kufumba sauti, kila nchi kwa mtambo wake na funguo zake za siri, na nchi hazipendi kumpa jirani funguo zake, hata jirani mwema. Kwa hiyo mkitaka kusikilizana nyote mna njia mbili. Ya kwanza ni kuzima ufumbaji, mkae kwenye masafa moja ya wazi, na kila mwenye redio ya dukani awasikie. Ya pili ni kuazimana watu: mimi nachukua redio yangu, blanketi langu na kikombe changu, nahamia kwenye hema lako, wako anahamia kwetu. Kila neno linapita kwa mdomo wa binadamu aliyeketi kati ya redio mbili.

Nilihamishiwa kwa Waganda siku nne. Nilikula nao, nikalala nao, na usiku nilikuwa nachukua ujumbe kutoka kwetu na kumpelekea ofisa wao akiwa kwenye ramani. Siku ya pili ndipo nilipogundua kwamba kazi yangu haikuwa kufikisha ujumbe. Ujumbe ulikuwa unafika vizuri sana. Kazi yangu ilikuwa kumtazama anayeupokea usoni na kujua kama ameuelewa au ameona haya kuuliza. Yule ofisa alikuwa na tabia ya kusema "sawa sawa" mara mbili akielewa, na "sawa" moja akiwa hajaelewa. Hilo huwezi kulipata redioni.

Pamoja na hayo, nikaenda Goma nikidhani najua.

Kosa langu la kwanza lilikuja mapema, katikati ya 2013, tukiwa bado kwenye mazoezi ya mawasiliano kabla ya mambo kuchanganya. Neti, yaani mtandao wetu wa redio, ilikuwa ya Kiingereza. Mwenzangu wa nchi nyingine alikuwa ananisomea namba za ramani, mvua inapiga turubai, nikazikosa mbili za mwisho. Kwa Kiswahili ningesema "rudia." Nikalitafsiri neno lilivyo: "Repeat, repeat, ova."

Kwa mtu wa kawaida hakuna ubaya wowote hapo. Ila katika utaratibu wa redio uliotoka kwa Waingereza, na unaotumiwa na majeshi mengi, neno hilo si la kuulizia. Limetengwa kwa ajili ya mizinga na mota. Maana yake ni: piga tena pale pale ulipopiga, idadi ile ile. Anayetaka kurudiwa maneno husema "say again." Nilifundishwa hilo nikiwa koplo usu, nikafaulu mtihani, nikalisahau, kwa sababu miaka yote nyumbani tulikuwa tunaongea Kiswahili na "rudia" yetu haina mzinga ndani yake.

Zoezi lilikuwa kavu, hakuna bomu. Lakini kikosi cha mota kilikuwa kinasikiliza neti ile ile, na vijana wao, hodari kweli kweli, wakafanya walichofundishwa. Nilisikia sauti tulivu ikithibitisha kwamba wanarudia kupiga, ikataja namba za shabaha iliyotangulia. Katika lile zoezi, hiyo shabaha ilikuwa imeshapitwa na wakati; kwenye ramani, kombania yetu ilikuwa imeshasogea kukaribia pale. Nilikaa na redio sikioni nikijiona ninavyowaua watu wangu kwa karatasi. Msimamizi wa zoezi alikuja, akaniangalia, akaandika kitu kwenye ubao wake, akaondoka bila kusema neno. Ningependa angenitukana.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu, nilipokuja kulianza, ulikuwa na neno hilo moja. Nilililipia mapema, ndiyo maana likatangulia saa kumi.

Sasa nije kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo nilipobadilika zaidi. Goma ni mji wa Kiswahili. Sisi Watanzania tuliingia pale tukiwa na kitu ambacho Mwafrika Kusini na Mmalawi hawakuwa nacho: mama muuza sambaza, dagaa wa kule, anakusalimia, unamjibu, na kabla hujalipa umeshajua nani kapita barabarani usiku. Wenzetu walihitaji mkalimani hata kununua sabuni. Tulitamba, sikatai.

Ila kumbuka ile habari ya kuzima ufumbaji ili nyote msikilizane. Mkishaingia kwenye masafa ya wazi, kifuniko pekee kinachobaki ni lugha. Mwafrika Kusini akitaka kumwambia mwenzake jambo la haraka bila jirani kujua, anaruka kwenye Kizulu au Kiafrikana. Mmalawi ana Kichewa. Mtanzania anaruka kwenye nini? Waasi wanajua Kiswahili. Jeshi la serikali, lililozoea Kilingala kambini, nalo lina wanaojua Kiswahili. Mchunga mbuzi anajua Kiswahili. Vijana wetu walikuwa wanafungua redio na kuongea kama wako sebuleni kwa shangazi, wakiamini wamejificha kwa kuwa wameacha Kiingereza. Nilipowakataza walinishangaa. "Afande, si tunaongea lugha yetu?" Ndiyo, na ya wote waliopo kati ya hapa na ziwa. Lugha iliyotufungulia milango ya watu ndiyo hiyo hiyo iliyotuacha uchi hewani.

Halafu hata hicho Kiswahili cha kule si hiki. Kuna mzee mmoja kwenye njia ya kaskazini mwa mji, alisimamisha doria yetu akasema kwamba kijiji cha mbele "balitosha batu yote." Kijana wetu akaniletea taarifa redioni: watu wametosha, wapo wengi. Nikaandika hivyo. Nilipomuuliza baadaye mkalimani wetu, mtu wa pale pale, alinitazama kwa huruma. Kwao kutosha ni kutoa, kuondoa. Mzee alikuwa anasema watu wote wametolewa kijijini. Kijiji kitupu. Kwa askari, tofauti kati ya kijiji kilichojaa na kijiji kilichohamishwa ghafla ndiyo tofauti kati ya kupita ukipunga mkono na kupita ukiwa umelala chini. Siku ile hakukutokea kitu. Ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa kicheko. Risasi kule huziita masasi. Tulikuwa na koplo mmoja mzaliwa wa Masasi, Mtwara, na siku ya kwanza wenyeji walipopiga kelele "masasi inatoka kule!" akadhani ameitwa.

Kwa Wamalawi nilijifunza mengine, na mengi nilijifunzia jikoni. Nsima yao ni ugali wetu, laini kidogo. Waafrika Kusini wanauita pap. Jumapili moja tuliketi watu wa nchi tatu tukabishana kwa saa moja nani anajua kuusonga, na nasema bila upendeleo kwamba wa kwetu ulikuwa mgumu kupita kiasi siku hiyo. Kichewa ukikisikiliza kwa makini unaona ni jamaa: maji ni madzi, njia ni njira, mvua ni mvula, nyumba ni nyumba. Unaanza kujiamini. Na ukishajiamini unaumia.

Tulikuwa tunafanya zoezi la kutoa majeruhi, sisi na wao, kwenye kiteremko chenye matope nje ya kambi. Kijana wa Kimalawi aliyekuwa akiigiza akapiga kelele kwamba mwenzake "wavulala." Kijana wetu aliyekuwa karibu naye na machela akasita. Akanigeukia: "Afande, anasema mwenzake amelala." Kuvulala ni kujeruhiwa. Sikio la Mtanzania linasikia kulala. Sekunde ngapi zilipita hapo? Labda nne, labda tano. Yule sajenti wangu wa saa kumi alisimama juu ya kiteremko ameshika kiuno, akasema turudie zoezi lote tangu mwanzo, safari hii bila kuongea kabisa. Kwa mikono tu. Tukarudia mara sita mpaka giza likaingia. Vijana walituchukia siku hiyo, wote kwa pamoja, Wamalawi na Watanzania, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza walipokuwa kitu kimoja.

Sajenti huyo na mimi tulikuja kugundua jambo usiku mmoja tukiwa zamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, kwenye batalioni ya Tanganyika. Babu yake naye alikuwa KAR, ya kwao Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, maana batalioni ya kwanza na ya pili zilikuwa za huko. Wazee wote wawili walikwenda Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya kule mwaka 1944. Babu yangu alikuwa akihadithia matope yanayomeza buti. Sajenti akaniambia babu yake alikuwa na maneno machache ya Kiswahili hadi anakufa, na moja lilikuwa "haraka." Kwa hiyo watu hawa wawili huenda walifokewa na Mwingereza mmoja kwa lugha moja. Halafu batalioni ya sita, ile ya Tanganyika, ikawa Tanganyika Rifles, ikaasi Januari 1964, ikavunjwa, na Septemba mwaka huo huo ikaundwa JWTZ. Na batalioni ya kwanza ikawa Malawi Rifles. Miaka hamsini baadaye wajukuu wamekaa Goma hawaelewani saa kumi ni ngapi.

Kuhusu saa, nisije nikasahau, kulikuwa na balaa la pili. Goma iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Kijeshi saa ya Goma inaitwa Bravo, ya kwetu nyumbani Charlie. Malawi na Afrika Kusini wote ni Bravo, kwa hiyo wao walifika na saa zao mkononi zikawa sahihi bila kuguswa. Ni sisi tu tuliotakiwa kurudisha nyuma. Wengi walirudisha ya mkononi na kuacha ya simu kwenye saa ya nyumbani, ili wajue mke ameamka au bado. Ukimwuliza mtu saa, inategemea amechomoa nini mfukoni. Baada ya yale ya betri niliweka sheria kwenye hema letu: kila muda unaandikwa kwa tarakimu nne na herufi yake, kisha unasemwa kwa Kiswahili pamoja na kipindi cha siku. "1000B, saa nne asubuhi." Na anayepokea hasemi "nimeelewa." Anasoma alichoandika. Vijana waliona nawafanya watoto wa chekechea. Dereva wa Singida peke yake ndiye hakulalamika.

Lipo jambo moja ambalo daftari halikuweza kulitatua, nalo lilikuwa kubwa kuliko cheo changu. Kikosi chochote cha nchi kikiwa kwenye misheni ya kimataifa kina wakubwa wawili: mkubwa wa misheni aliye mbele yake, na mkubwa wa nyumbani aliye kwenye simu. Mimi nilikuwa naziona simu hizo zikiingia. Amri inatoka makao makuu ya misheni, kila mtu anasema sawa, kisha kila mmoja anatoka nje kidogo na simu yake. Wakati mwingine "sawa" mbili, wakati mwingine "sawa" moja. Silaumu. Askari ni mtoto wa nchi yake, na nchi ndiyo itakayompokea akirudi kwenye sanduku. Lakini mtu anayepanga kwamba kikosi A kitamwokoa kikosi B ndani ya dakika kadhaa lazima ajue kuna simu katikati.

Nilishaondoka Kongo Desemba 7, 2017, kambi yetu ya Semuliki, wilaya ya Beni, iliposhambuliwa. Walinzi wa amani 15 wa Tanzania walikufa. Nilikuwa nyumbani nasikiliza redio ya kawaida, ya mpira na taarabu, siku hiyo ikisoma habari. Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi, na yaliyotangazwa baadaye niliyasoma polepole, neno kwa neno: mapengo katika mafunzo ya walinzi wa amani, misheni kukosa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa walioshambuliwa, udhaifu katika amri na uongozi, upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Wengine waliposoma waliona lugha ya ofisi. Mimi niliona kile kiteremko cha matope, na yule kijana aliyesita na machela.

Mwaka mmoja usiotimia baadaye, Novemba 2018, Wamalawi na Watanzania walikuwa pamoja tena msituni karibu na Beni, wakipigana na waasi wa ADF. Mtanzania mmoja akajeruhiwa vibaya, hawezi kutembea. Askari wa Malawi, Private Chancy Chitete, akamfuata chini ya risasi, akamhudumia, akamvuta hadi mahali pa usalama. Yule Mtanzania akapona. Chitete aliuawa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa medali ya Kapteni Mbaye Diagne, ile ya ujasiri wa kipekee, ikapokelewa na familia yake.

Sajenti wangu alinipigia simu wiki ile ya msiba. Yeye naye alikuwa ameshastaafu, yuko kwao anauza mbolea. Hatukuwa na la kusema. Nilimwuliza kama anadhani yule Mtanzania alipiga kelele kwa lugha gani. Akasema, "Achimwene, pale hakuna lugha." Kisha salio lake likakatika, kama kawaida yake.

Daftari bado ninalo. Mwaka 2024 mtoto wa mdogo wangu, ambaye naye yuko jeshini, alishiriki lile zoezi la pamoja la Tanzania, China na Msumbiji lililoanza mwishoni mwa Julai. Kabla hajaenda alipita kwangu. Kuhusu Wamsumbiji sikuwa na wasiwasi. Tangu enzi za Frelimo kuwa na kambi yake Nachingwea, wapo kule wanaokijua Kiswahili vizuri, wapo wanaodhani wanakijua, na nilimwambia awaogope hao wa pili. Kuhusu Wachina sikuwa na la kumpa. Nilimwambia tu atazame mikono yao.

Aliporudi alikuja na zawadi ya majani ya chai na hadithi nyingi. Tukiwa mezani akanyoosha kidole gumba na cha shahada, vingine amekunja, akanielekezea.

"Baba mkubwa, hii ni nini?"

"Bastola," nikasema. Hata mke wangu alisema bastola.

Akacheka mpaka akakohoa. "Ni nane. Wachina wanahesabu kwa mkono mmoja mpaka kumi, na hiyo ni nane. Siku ya kwanza mwalimu wao alituonyesha hivyo kutupa muda wa kukusanyika, nusu ya platuni ikageuka kuangalia nyuma."

Nikainuka kwenda kulichukua daftari kabatini. Nikaandika, nikachora na kamkono kabaya pembeni. Kisha nikamwuliza kama mwalimu alimaanisha saa nane ya kwetu au nane ya kwao.

Alifungua mdomo kujibu, akaufunga.